Ukija, Usivae Buluu

Kwako dada yangu mpenzi,

Pokea salamu za mdogo wako, zimechelewa lakini hazijapoa. Natumaini barua hii itakukuta wewe na shemeji mkiwa wazima, na kwamba goti lake limeikubali dawa. Mwambie namwombea kila asubuhi, na katika maombi yangu goti lake linatangulia langu, ingawa langu ndilo linalopanda mlima. Sisi huku tunaendelea kwa rehema za Mungu. Baba watoto anakohoa kidogo kwa vumbi la maganda ya kahawa, lakini nguvu za kulalamika anazo, kwa hiyo ni mzima.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Dada, mtandao hapa kwetu unashika pale kwenye ngazi za ofisi ya ushirika tu, na ukiongea pale umeongea na watu wote. Halafu nikisikia sauti yako nitalia, na salio litaisha nikiwa bado napenga kamasi. Ndiyo maana nimempa bahasha hii dereva wa lori la kahawa. Ameapa ataiweka mkononi mwako, si kwa jirani. Usimpe chai kabla hajakupa barua, akishashiba husahau kilichomleta.

Habari za kazi ni kwamba nimechoka. Nimetafuta neno zuri zaidi sikuliona. Mvua mwaka huu ilikuja kwa mkupuo, mibuni ikachanua yote pamoja, na sasa kahawa inaiva yote pamoja na mikono ni ileile. Tunachuma nyekundu tu, ya kijani tunaiacha mtini, kama ulivyokuwa ukituhimiza. Mchana tunamenya, tunaosha utelezi, tunaanika, tunageuza, na wingu likitanda tunakimbia kufunika vichanja kama kuku waliotupiwa jiwe. Kwaya siendi sana. Mwalimu wa kwaya aliniuliza kama nimehamia dhehebu jingine, nikamjibu kwamba nimehamia kwenye vichanja.

Miti ya kivuli ipo yote, najua hilo ungeuliza. Ule mkubwa wa mpakani bado umeshikana matawi na msitu, kwa hiyo mbega wana njia yao ya juu, wanavuka shamba letu mpaka mtoni bila kukanyaga chini. Sumu hatupulizi. Magunia yetu bado yana ile picha ya mbega mwenye joho jeupe, na wanunuzi bado wanaipenda.

Sasa nije kwenye hao mbega wenyewe, maana ujumbe wako wa mwisho wa simu ulikuwa na maswali ambayo sikuyajibu. Uliuliza kwa nini wageni wamepungua, na uliandika kwamba unataka kuja na wajukuu wamwone yule jike wetu, Mama Mkwe. Nimekaa na swali hilo muda mrefu, dada. Naomba ukae chini kabla hujaendelea kusoma.

Unakumbuka tulivyoanza mimi na wewe. Mbega walikuwa wakituona tu wanaruka mpaka matawi yanabaki yanatikisika peke yake. Tukawa tunaingia kila asubuhi, tunakaa chini, hatuwaangalii machoni, tunachambua majani kama watu wasio na haja. Watu walitucheka, wakasema mabinti wa mzee wamekwenda kuwaposa nyani. Wewe ndiye uliyegundua kwamba tukiimba kwa kufumba mdomo ule wimbo wa mama, aliokuwa akituimbia akituosha miguu kabla ya kulala, mbega hawaruki. Wanakaa wanasikiliza. Baadaye tukapewa zile ovaroli za buluu, yako na yangu, nao wakajifunza kwamba buluu haina ubaya. Ilichukua miaka mpaka Mama Mkwe akashuka tawi la chini na kutukazia macho vile, kama tumemharibia mwanawe. Jina ulimpa wewe. Na yule dume mkubwa, Mzee wa Kanisa, ulimwita hivyo kwa sababu ya joho lake na kwa kusinzia.

Basi ulipoondoka kwenda kumuuguza shemeji nikabaki na kazi hiyo peke yangu. Wageni wakaongezeka. Nilikuwa nawaleta wakiwa wamefunika midomo, wanakaa mbali kidogo, wanapiga picha, wanarudi ofisini kuonja kahawa yetu. Fedha yao ndiyo inayomlipa mkunga wa zahanati hadi leo. Hilo likumbuke, dada, maana mimi silisahau hata siku moja.

Msimu uliopita Mwenyekiti wa ushirika alitoa wazo mkutanoni. Unamjua Mwenyekiti, wakati wote ana mipango, akilala anapanga ndoto. Alisema si vizuri wageni wakute wachumaji wamevaa kila mtu tambara lake, tuonekane watu wa chama kimoja. Akashauri kila nyumba ipate ovaroli ya buluu kama yangu. Watu walifurahi. Wengine hawakuwa wamevaa nguo mpya tangu harusi zao. Mimi nilipiga makofi pamoja na wenzangu, na nilimsaidia fundi cherehani kushikiza vifungo. Hakuna aliyewafikiria mbega, hata mimi niliyepaswa kuwafikiria. Tulikuwa tunaangalia jinsi tulivyopendeza.

Dada, Mama Mkwe hayupo.

Alipotea asubuhi moja mwanzoni mwa uchumaji. Mwanamke mmoja anayeanika kwenye vichanja vya chini aliona mkia wake chini ya ule mti wa mpakani, mkia tu, na damu kwenye majani makavu. Nilipofika sikukuta tawi lililovunjika wala majani yaliyopukutika kwa kukimbia. Ngozi ilikuwa imechukuliwa, na nyama pia. Alipigwa rungu akiwa amekaa tawi la chini, alipozoea kunishukia mimi.

Mchumaji mmoja, mzee mkweli kabisa, alisema alikuwa amepita pale alfajiri akamwona mtu wa buluu amesimama chini ya mti. Akamsalimia kwa mbali, akasema habari za alfajiri mama wa mbega. Yule mtu akainua mkono kumwitikia. Mzee akaenda zake. Alidhani ni mimi.

Neno hilo ndilo linalonichosha kuliko kahawa yote. Alidhani ni mimi. Na kama mzee mwenye akili zake alidhani ni mimi, Mama Mkwe angejuaje?

Mkutano ukaitwa. Kila mtu aliapa kwamba si yeye. Wengine waliapa kwa Mungu, na niliwasikiliza huku nikijua kwamba mmoja wao ananipa mkono Jumapili na kunitakia amani. Sijui ni nani mpaka leo, na nimemwomba Mungu asinionyeshe, maana sijiamini. Mwenyekiti alisema tulinyamazie jambo hili. Si mtu mbaya, usimhukumu. Alisema mkaguzi wa kahawa anakuja, na akisikia kwamba mbega anawindwa ndani ya shamba tutanyang'anywa ile alama ya kahawa rafiki wa msitu, kahawa yetu itauzwa kama ya mtu yeyote, na watu wataanza kuikata miti ya kivuli kwa hasira. Miti ikienda, mbega wote wameenda. Alisema hayo huku anafuta miwani yake, na ni kweli. Mkaguzi akaja, akahesabu miti, akasifia, akaondoka.

Kabla mvua haijarudi, mwingine akaondoka vilevile. Safari hii alikuwa jike mwenye mtoto mchanga, bado mweupe pepepe kama wanavyozaliwa. Mtoto alikutwa ameng'ang'ania shina. Hakuishi.

Baada ya hapo, kidogo kidogo, mbega wakaanza kukimbia watu. Wageni walikuwa wanafika, wanaona mikia inapotelea juu, wanarudi wamenuna. Wageni wakazidi kupungua. Kila mtu hapa akawa na maelezo yake. Wapo waliosema ni chui, wapo waliosema ni tai mkubwa. Baba watoto alisema labda wamechoka kutazamwa, hata yeye angekimbia. Kanisani wakaona jambo hili liombewe, na wakanichagua mimi niongoze maombi, kwa kuwa ndiye ninayewajua. Nilisimama mbele ya watu wote. Sikuomba warudi. Nilimwomba Mungu awalinde viumbe wake popote walipo, na atupe sisi moyo unaofanana na picha iliyo kwenye magunia yetu. Waliitikia amina mpaka bati likalia. Mwenyekiti alinishika mkono kwa mikono miwili, akasema maombi ya namna ile hayawezi kurudi bure.

Mwezi uliopita chama kikaleta mtaalamu wa wanyama. Ni kijana mpole, anaongea taratibu na anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alizunguka msituni siku kadhaa, siku nyingine akiwa na mimi, siku nyingine peke yake. Mwisho akawaambia viongozi kwamba hakuna chui wala tai. Alisema alipovaa shati lake la kawaida mbega walimtazama tu kwa wasiwasi, lakini alipoazima ovaroli walilipuka kama baruti. Hawaogopi watu, akasema, wanaogopa buluu. Kuna kilichowatisha kikiwa na rangi hiyo. Akaniangalia kidogo, dada, si sana, kisha akaangalia chai yake.

Mwenyekiti alifurahi kama mtu aliyeambiwa uvimbe wake ni jipu tu. Siku ileile akaagiza ovaroli mpya. Za njano. Za kila nyumba. Na akaniambia kwamba mimi nimechoka, jambo ambalo ni kweli, kwa hiyo yeye atampigia simu dada yangu aje hata kwa msimu mmoja, tuwafundishe mbega upya kwa rangi ya njano na wimbo wetu wa zamani. Alisema wewe huwezi kukataa, kwa vile unawapenda. Nilimwomba asubiri kidogo, shemeji bado anaumwa. Amekubali kusubiri mpaka ovaroli zitoke kwa fundi. Zimebaki kushonwa mifuko.

Ndiyo maana nakuandikia. Nataka unisikie mimi kabla hujamsikia yeye.

Aliyewafukuza mbega ni mimi.

Nilianza baada ya yule mtoto mweupe. Nilikuwa navaa ovaroli yangu, naingia msituni kwa njia yetu ileile, nafika mahali petu pa kukaa. Walikuwa wanashuka kunipokea. Nami nikawa napiga debe kwa gongo na kupiga kelele kama mwendawazimu, nawarushia madonge ya udongo. Siku ya kwanza hawakuelewa. Walisogea tawi la juu wakanitazama, kama watu wanaomtazama ndugu yao aliyelewa. Mzee wa Kanisa hakuamka vizuri. Nikarudi kesho yake, na kesho yake tena. Nilikuwa nikitoka pale nakaa kwenye lile gogo lako nalia, kisha naosha uso mtoni na kwenda kuchuma kahawa na wenzangu, ambao wote wamevaa buluu.

Baba watoto sikumwambia. Lakini asubuhi moja nilikuta mlangoni kapu la madonge yaliyokwishafinyangwa. Nilipoliminya moja, lilikuwa laini. Alikuwa amechekecha udongo akatoa changarawe zote, ili usiwaumize. Alipokuja kula aliuliza tu kama mikono yangu ninataka kuifanya ya mfinyanzi. Tangu siku hiyo kapu likawa halikosekani.

Wa mwisho kuelewa alikuwa Kitinda. Humjui, alizaliwa baada ya wewe kuondoka, ni mtoto wa mwisho wa Mama Mkwe. Wenzake wote walikwishakimbia, yeye alibaki kwenye tawi la chini amenikazia macho vilevile kama mama yake. Nilirusha donge likampata kifuani. Alitoa sauti ambayo sitaisimulia, akapanda mpaka kileleni. Walipofika juu wote wakaanza kuningurumia, ule mngurumo wao wa kumtangazia adui, ambao hawakuwahi kutupigia tangu enzi zile za mwanzo. Niliona ni adhabu yangu. Halafu nikapiga magoti nikamshukuru Mungu, nikijua aliye na rungu naye atangurumiwa hivyohivyo. Tangu siku hiyo hakuna hata mmoja aliyeuawa.

Sasa unaelewa kwamba fedha ya mkunga ninaikausha mimi, kwa mkono wangu. Nikimwona mama mjamzito anapanda kwenda zahanati, nageuza uso. Sijui kama nimetenda haki, dada. Nimesoma madarasa machache, na Biblia naisoma polepole. Sijaona mahali palipoandikwa umfundishe kiumbe akuamini halafu umfundishe akuogope. Najua tu kwamba imani yao sisi ndio tuliowapa, na sisi wenyewe hatukuistahili. Siku ya kugawa ovaroli za njano nitasimama niseme yote mbele ya watu, na Mwenyekiti ataamua la kunifanya. Kahawa yetu ni nzuri hata bila mbega kupigwa picha, nitawaambia hivyo. Labda watanielewa, labda nitahama kwaya kwelikweli.

Liko jambo moja limebaki, nalo ndilo linalonikosesha raha.

Juzi nilikuwa mtoni naosha kahawa peke yangu, nimevaa gauni la nyumbani kwa sababu ovaroli ilikuwa kambani. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutojua ninachofanya. Nilipoinua kichwa, matawi juu yangu yalikuwa yamejaa. Wote walikuwepo, Mzee wa Kanisa, majike na watoto wao, na Kitinda akiwa chini kabisa, karibu niweze kumgusa. Ndipo nikagundua kwamba nilikuwa naimba. Mdomo umefumbwa, wimbo wa mama.

Nilinyamaza. Sikuwa na donge, sikuwa na debe, na kama ningekuwa navyo nisingeweza. Nikajitwika kahawa ikiwa nusu haijaoshwa, nikaondoka. Walinifuata juu kwa juu, kimya kimya, mpaka kwenye mti wa mpakani, wakaishia pale wakinitazama nikiingia nyumbani.

Kwa hiyo buluu wameikataa, na njano hawatajifunza kama hakuna wa kuwafundisha. Wimbo hawakuukataa. Na wimbo huo, dada, tangu mama azikwe, unajulikana na watu wawili tu. Mimi nimeacha kuuimba, hata jikoni, hata nikiwa kanisani nao uko kooni. Mwenyekiti akikupigia, sikuchagulii jibu. Wewe ni mkubwa wangu, na mbega wale ni wako kama walivyo wangu. Nimekuambia tu kilichoko, ili usije ukafungua mlango bila kujua nani amesimama nje.

Lakini uje, tafadhali, uje kutuona. Uje na wajukuu. Wasivae buluu, nawe usivae. Tutakaa kibarazani, mbega watapita juu ya kahawa kwenda mtoni, mbali, na wajukuu watawaona kama ndege wakubwa weusi wenye mikia myeupe. Utatamani kuwaita. Nitakuwa nimekushika mkono, na tutanyamaza wote wawili.

Nisalimie shemeji, mwambie apunguze ubishi na dawa. Wabusu wajukuu mmoja mmoja bila kupendelea. Baba watoto anakusalimu, amekufungia kahawa kidogo, tulichuma wenyewe chini ya ule mti. Mungu akutunze mpaka tuonane, na hata tusipoonana mapema aendelee kukutunza.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
wa mwisho kuoshwa miguu.